Karatasi ya yunioni imeandika dola 68 kwa saa. Mfukoni zinaingia ngapi?

WayaMoja

Shikamoo wakubwa, wengine habari za kazi.

Niko Ohio, fundi umeme msaidizi kwenye kampuni isiyo na yunioni, mwaka wa tatu sasa. Nalipwa dola 27 kwa saa. Kazi haijawahi kukatika na bosi sina ugomvi naye, ila bima ya familia inanimaliza: dola 190 kila wiki zinakatwa kabla sijaiona cheki. Nina mke na watoto wawili.

Jamaa mmoja tuliyekutana saiti amenipa karatasi ya viwango ya chama cha mafundi umeme. Senti nimezigusa kidogo mtu asije akanitambua, lakini mpangilio ndio huu kwa fundi kamili:

Mshahara 44.00
Afya 10.50
Pensheni 8.00
Anuiti 4.50
Mafunzo 1.00
Jumla 68.00

Chini kuna maandishi madogo: likizo dola 2 "hutolewa kwenye mshahara", ada ya kazini asilimia 3. Mwanagenzi wa kipindi cha kwanza anapata asilimia 50 ya mshahara, afya kamili, mafunzo kamili. Pensheni na anuiti hazianzi mpaka kipindi cha tatu.

Hizo 68 ni zangu nikishahitimu, au ni namba ya kuvutia watu? Maana nikienda leo naanza na 22. Mke wangu ameniuliza ni mwanaume gani anaacha 27 akaifuate 22, nikakosa la kusema.

Na kuna mwenzetu alifanya ukarabati wa hospitali ya maveterani akiwa na kampuni isiyo ya yunioni kama yangu, akalipwa karibu dola 60 kwa saa miezi kadhaa. Kama hayo yanawezekana bila yunioni, yunioni ya nini?

BombaChuma

Marahaba mdogo wangu. Mimi ni fundi bomba, siyo umeme, ila karatasi hizi zote ni ukoo mmoja, na nimewahi kukaa upande wa mafundi kwenye kamati ya kujadili mkataba. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu swali hili huwa linajibiwa kwa mkato halafu mtu anakuja kulia mwezi wa pili.

Dola 68 ni bei ya saa yako kwa mkandarasi. Ndiyo anayoianzia akipiga hesabu za zabuni, na hapo bado hajaweka asilimia 7.65 ya upande wake ya Social Security na Medicare, yaani makato ya serikali ya mafao ya uzeeni na matibabu ya wazee, wala bima ya ajali kazini. Kwenye cheki utaiona 44 tu, na hiyo 44 ndiyo inayokatwa kodi. Zile 24 zilizobaki zinatoka kwa mkandarasi moja kwa moja kwenda kwenye mifuko, hazipiti mkononi mwako na hazikatwi kodi ya mapato zikiwa njiani. Mifuko yenyewe siyo mali ya chama. Kwa sheria ya Taft-Hartley ya 1947 inasimamiwa na wadhamini, idadi sawa upande wa wafanyakazi na upande wa waajiri. Nalitaja hili mapema kabla hajatokea mtu wa kusema yunioni wanakula pensheni. Atatokea tu.

Twende kwenye 22 na 27, maana ndiko moto unakowaka nyumbani.

Gawa 190 kwa saa 40: dola 4.75. Kwa hiyo 27 yako, ukishatoa bima, ni 22.25. Upande wa yunioni bima ya familia imo ndani ya zile 10.50 anazolipa mkandarasi. Waulize kama kuna mchango mwingine unaotoka kwako. Mifuko mingi ya ujenzi haichukui kitu cha ziada kwa mke na watoto, lakini uliza, upate jibu kwa maandishi. Chukua 22, toa asilimia 3 ya ada, ambayo ni senti 66, unabaki na 21.34. Tofauti ni senti 91 kwa saa, kama dola 36 kwa wiki. Ongeza ada ya mwezi ya uanachama. Ujue pia kwamba tangu 2018 ada za chama huwezi kuzipunguza kwenye kodi ya shirikisho, wakati bima ya kampuni kwa kawaida inakatwa kabla ya kodi. Kwa hiyo shemeji hajakosea, utashuka. Ila unashuka kwa dola thelathini na kitu kwa wiki, siyo kwa mia mbili kama karatasi inavyotisha. Na ukipanda kipindi cha pili, tuseme asilimia 55, ni 24.20, hapo umeshaipita hali yako ya leo.

Sasa sehemu ambayo hakuna atakayekuandikia kwenye karatasi.

Namba zote hizo ni za kila saa uliyofanya kazi. Usiwe kama vijana wanaozidisha 44 kwa 2,080 wakapata 91,520 na kwenda kuchukua mkopo wa pikapu. 2,080 ni saa 40 mara wiki 52, mwaka wa mtu wa ofisini. Ujenzi una theluji, una mradi unaoisha kabla mwingine haujafunguliwa, una wiki za kukaa kwenye orodha ya ofisi ya chama ukisubiri simu. Kuna mwaka sikufika hata saa 1,200, nikaishi kwa malipo ya serikali ya wasio na kazi na mshahara wa mke. Piga hesabu kwa 1,600: mshahara 70,400. Fundi wa dola 33 nje ya yunioni ambaye kampuni yake haimlazi nyumbani hata wiki moja anapata 68,640. Ukitazama cheki peke yake mko karibu sawa. Tofauti iko kwenye pensheni na anuiti: 12.50 mara 1,600 ni dola 20,000 zilizowekwa kwa ajili ya uzee wako mwaka huo, pamoja na bima ambayo yeye anajilipia.

Nayo bima inakula saa. Mifuko mingi ina kitu kama benki ya saa. Tuseme kila mwezi wa bima unagharimu saa 140. Ukifanya 170, zile 30 zinawekwa akiba. Ukikaa nyumbani, akiba inaliwa. Ikiisha, unalipa mwenyewe au unabaki bila bima. Mtu mpya anaanza na sifuri, lazima akusanye saa kadhaa kwanza, mara nyingi miezi miwili mitatu. Wewe una watoto, hapo ndipo pa kuangalia sana. Kampuni yako ikiwa na wafanyakazi 20 au zaidi, ukiondoka sheria ya COBRA inakupa haki ya kubaki kwenye bima yao hadi miezi 18 kwa kulipa gharama yote, mpaka asilimia 102 ya bei yake. Ni ghali, itakushtua. Lakini una siku 60 za kuamua, na ukiamua ndani ya siku hizo bima inahesabiwa tangu siku ile ya zamani ilipokatika. Wengi tunakaa na ile fomu mezani. Mtoto akivunjika mkono wiki ya sita, unaijaza na kulipia miezi ya nyuma. Asipovunjika, umeokoa hela. Kama mkeo ana bima kazini kwake, sahau haya yote, mwingie huko.

Likizo: hizo dola 2 ni hela yako mwenyewe, imeshakatwa kodi, unawekewa pembeni urudishiwe baadaye. Usizihesabu mara mbili. Sikukuu pia, kwenye mikataba mingi ya ujenzi hailipwi. Thanksgiving unakula bata mzinga kwa hela yako, na Ijumaa yake vilevile. Watu wanaotoka viwandani hili huwashangaza sana.

Pensheni ile ya 8.00 siyo akaunti yako. Ni ahadi ya kulipwa kila mwezi ukistaafu, kwa fomula ya mfuko. Anuiti ndiyo akaunti yenye jina lako, unaona salio, na ukifa inaenda kwa uliowaandika. Kwenye pensheni uliza maswali mawili. La kwanza, mfuko uko rangi gani. Tangu sheria ya 2006 mifuko ya waajiri wengi hupangwa kwa hali yake: kijani ni salama, njano una matatizo, nyekundu hali mbaya. Kila mwaka wanachama wanatumiwa barua ya hali ya mfuko. Mwambie huyo jamaa akuonyeshe yake. La pili, kila mwaka wa kazi unakupa dola ngapi za mwezi uzeeni. Mfuko ukifilisika kuna shirika la serikali, PBGC, ila dhamana yake kwa mifuko ya aina hii ni ndogo mno: haizidi dola 35.75 kwa mwezi kwa kila mwaka uliofanya kazi. Miaka 30 ni dola 1,072.50 kwa mwezi. Mwaka 2021 Bunge la Marekani lilitenga fedha za kuokoa mifuko iliyokuwa inazama, nashukuru, lakini mimi nisingeijenga nyumba juu ya hilo.

Mafunzo dola 1 ndiyo inayolipia shule yako. Unasoma bila ada. Basi.

Kuhusu hospitali ya maveterani. Hiyo ni sheria ya Davis-Bacon ya 1931. Kazi ya ujenzi ya serikali ya shirikisho ikizidi dola 2,000, kila fundi alipwe kiwango kilichotangazwa kwa eneo lile: mshahara wa msingi, na marupurupu juu yake. Kampuni inaruhusiwa kuyalipa marupurupu kwa mifuko ya kweli au kwa fedha taslimu. Ya rafiki yako ililipa taslimu, kwa hiyo akaona kitu kizima kwenye cheki, kikakatwa kodi kizima, na bima na uzee vikabaki juu yake. Mradi ulipoisha alirudi kwenye bei yake ya zamani, au nimekosea? Tangazo lile la viwango liko wazi kwa kila mtu, litafute la kaunti yenu. Ukiona kiwango kimetanguliwa na herufi ELEC na namba, kimetoka kwenye mkataba wa chama cha mafundi umeme cha eneo hilo. Ukiona SU, ni wastani wa uchunguzi wa mishahara. Inawezekana kabisa dola 60 za rafiki yako zilitoka kwenye karatasi uliyoishika wewe.

DadaKondiuti

Kaka Bomba umemaliza, nina moja tu ila ni kubwa. Mimi ni fundi umeme, yunioni.

WayaMoja, nani kakwambia uingie kipindi cha kwanza? Una miaka mitatu kwenye waya. Mafunzo yetu ya uanagenzi ni miaka mitano, saa 8,000 za kazini pamoja na darasa. Mtu mwenye saa zake huombi kuanza na vijana waliotoka sekondari juzi. Unaomba kupimwa na kuwekwa kipindi kinachokufaa, na kama saa zinatosha unaomba hata mtihani wa fundi kamili. Mimi niliingia hivyo, niliruka vipindi viwili.

Ila watataka ushahidi, na barua ya bosi huwezi kuitegemea, wengine wakisikia unaenda yunioni wanapoteza kalamu ghafla. Waombe Social Security taarifa ya mapato yenye majina ya waajiri, fomu inaitwa SSA-7050. Ina ada na inachelewa, kwa hiyo itume sasa. Weka na hati zako za mshahara zote, hasa zinazoonyesha saa.

Kama watang'ang'ania upitie mlango wa kawaida, kuna mtihani wa aljebra na kusoma kwa ufahamu, halafu mahojiano. Kama kidato cha nne ulisoma nyumbani, waulize mapema watataka cheti kitathminiwe na nani. Aljebra rudia hata kama ulikuwa kichwa. Niliwaona wanaume wazima wakitokwa jasho pale.

Tena kwa karatasi yako hiyo, kipindi cha tatu ndipo pensheni na anuiti zinapoanza. Kuruka vipindi viwili siyo suala la mshahara tu.

MzeeWaDallas

Mnamdanganya kijana. Nilikuwa yunioni miaka minne, nikahamia Texas, pensheni sikuiona hata senti. Huku hakuna anayekulazimisha kulipa ada, unajadili bei yako mwenyewe kama mwanaume. Nalipwa vizuri na sisubiri simu ya mtu.

BombaChuma

Mzee, nilisema atatokea. Heshima yako lakini.

Ni kweli Texas sheria hairuhusu mtu kulazimishwa kulipa ada ili abaki kazini, na kama una bei nzuri huko Mungu akuzidishie. Fundi hodari mwenye mdomo anaweza kujadili. Asiye na mdomo, au mwenye lafudhi kama yangu, anajadiliwa.

Ila pensheni haikuliwa na mtu. Kwenye mifuko hii kwa kawaida unahitaji miaka mitano ya kazi ili haki ikae yako moja kwa moja. Wewe uliondoka wa nne. Inauma, najua, na kijana alijue kabla ya kuingia: akijua atahamia jimbo lingine baada ya miaka mitatu, pensheni ile asiihesabu kabisa. Anuiti yako je, uliifuatilia? Mara nyingi ile ni yako mapema zaidi. Waandikie wasimamizi wa mfuko, huenda iko imekaa inakusubiri na barua zao zinaenda kwenye anwani ya zamani.

Na mtu akihama huku akiendelea kufanya kazi za yunioni, mifuko mingi ina makubaliano ya kurudishiana michango: unafanya kazi jimbo la pili, hela inarudi kwenye mfuko wako wa nyumbani. Lakini lazima ujiandikishe, haitokei yenyewe.

WayaMoja

Nimesoma yote mara mbili, ya Kaka Bomba nimemsomea mke wangu kwa sauti. Kwenye senti 91 akanyamaza, halafu akauliza, "Na hiyo miezi miwili bila bima?" Kumbe hilo ndilo lililokuwa linamsumbua. Nimemweleza siku 60 za COBRA, kampuni yetu ina watu zaidi ya 20. Kazini kwake hawana bima, yuko na wazee kwenye nyumba ya kulelea, saa zake hazitoshi.

Dada, fomu nimeshaipata, natuma wiki hii. Rafiki wa hospitali ya maveterani nimempigia, ni kweli karudi 28.

Mawili ya mwisho. Saa za ziada zinakwenda vipi, maana sasa hivi nalipwa moja na nusu nikipita 40 tu. Na vifaa ni vyangu au vyao?

BombaChuma

Hiyo ya 40 ndiyo kiwango cha chini cha sheria ya shirikisho, ile ya 1938. Mikataba mingi yetu inaanza kuhesabu ukipita saa 8 za siku, kwa hiyo ukifanya 10 Jumatatu kisha mvua ikawafukuza Ijumaa, zile mbili bado ni moja na nusu. Jumapili kwa kawaida ni mara mbili. Angalia neno moja kwenye mkataba wenu: mifuko inachangiwa kwa saa *iliyofanywa* au saa *iliyolipwa*. Ikiwa ya kwanza, Jumapili ya saa 8 inaingiza saa 8 kwenye pensheni. Ikiwa ya pili, zinaingia 16. Kwenye majadiliano tuligombana usiku mzima kwa ajili ya neno hilo, na waajiri walijua vizuri kwa nini.

Halafu ukishakuwa mwanachama, nenda mikutanoni. Nyongeza ya mwaka mara nyingi inakuja kama kiasi kimoja, tuseme dola 2.25, na wanachama ndio wanaopiga kura ngapi iende kwenye cheki na ngapi kwenye mifuko. Bima hula kwanza. Vijana wanataka cheki, wazee tunataka pensheni, na asiyekuja anagawiwa.

DadaKondiuti

Vifaa: mkataba una orodha ya vya mkononi unavyotakiwa kuja navyo, koleo, bisibisi, tepu, nyundo, levo ndogo, vitu hivyo. Vya umeme na vikubwa vyote ni vya mkandarasi, hata drili usije nayo, utachekwa na utaambiwa uirudishe garini. Buti ni zako. Una miaka mitatu kazini, nadhani begi lako tayari linatosha, linganisha tu na orodha kabla ya kununua chochote. Na ukienda ofisini uliza jina la mratibu wa kuingiza mafundi wapya, usiishie kwa dada wa mapokezi. Yeye atakupa fomu ya wanagenzi wa kuanzia, kwa sababu ndiyo iliyoko kwenye droo.